Mlima kwa Ncha ya Kalamu

Tulitoka Nyeri, tukalala Nanyuki. Baada ya alfajiri, mawingu hayajaufunika Mlima Kenya, binti yangu aliuchora kwa penseli, kisha akapitisha wino. Nikamharakisha, maana nilihesabu uchoraji kuwa ni kupoteza wakati. Akajibu, "Baba, bado sijauona vizuri." Nikanyamaza.

Mwaka 1943, mfungwa wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya hapo na wenzake wawili, wakiongozwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama. Wawili wao walifika Lenana, mita 4,985. Kisha wote wakarejea kifungoni wenyewe.

Sura ya Al-Ghashiya yatuhimiza kuitazama milima ilivyosimikwa. Nimeisomesha miaka mingi. Kutazama nimefunzwa na mwanangu. Wazazi wenzangu, msiwanyime watoto penseli.