Kuazima Arusi, Kurudisha Matanga

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitia katika insha nyingi na kupewa alama zangu, lakini maana yake sikuijua hata chembe. Niliijua muhula wa pili nilipokuwa kidato cha pili, na aliyenifunza hakuwa mwalimu bali kitabu kimoja chembamba chenye jalada la kijani. Msomaji mwenzangu, tega sikio nikusimulie, maana huenda nawe sasa hivi una kitabu cha maktaba chini ya godoro.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa Juni. Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alikuwa ametangaza kwamba wanaotaka mashairi yao yachapishwe katika jarida hili wayalete kabla ya likizo. Mimi nami nikajiona malenga. Nikaelekea maktabani guu mosi guu pili, nikaazima kitabu cha kufundisha ushairi: mizani, vina, vipande na bahari zake. Mkutubi alichomoa kadi kutoka kwenye kifuko cha jalada la nyuma, akaandika jina langu, kisha akagonga muhuri wa tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa kitabuni.

"Wiki mbili," akasema. "Ukichelewa ni shilingi tano kila siku, hata Jumapili."

"Sawa, Madam," nikajibu huku macho yakiwa mlangoni. Ile tarehe sikuitazama.

Shairi lenyewe lilifika ubeti wa kwanza likakwama. Kila mshororo nilioupima ulipungua mizani au ulizidi. Nikakata tamaa, nikakisukuma kitabu chini ya godoro, nikasahau kabisa kwamba kipo.

Nilikumbana nacho Ijumaa moja tulipokuwa tukitandika vitanda kabla ya matroni kupita kukagua bweni. Nilipoifunua ile karatasi ya nyuma, lo! Nilikuwa nimechelewa siku nne. Hesabu yake ni shilingi ishirini. Mfukoni nilikuwa na hamsini. Hapo ndipo ningemaliza mambo yote kwa dakika mbili. Lakini kantini ilikuwa wazi, na harufu ya mandazi ya moto haijui faini. Nikajiambia, "Kesho." Kesho ikazaa kesho, nayo ikazaa nyingine. Siku ya tisa deni lilikuwa shilingi arobaini na tano, nami mfukoni sikuwa na kitu.

Mama yangu huuza sukumawiki sokoni, shilingi kumi kwa fungu. Nilipopiga hesabu niliona mafungu manne na nusu yanateketea kwa sababu ya uzembe wangu. Sikuthubutu kumwambia. Badala yake nikabuni ujanja. Wakati wa mapumziko, maktaba ilipojaa watu, nilikificha kitabu ndani ya sweta, nikaingia kama ninayetafuta kamusi, nikakichomeka kwenye rafu iliyokuwa karibu, nikatoka. Nje nilihisi mwepesi kama unyoya. Nilijiona sungura wa hadithi; fisi na akili zake abaki huko huko.

Kumbe mwenye kuchekwa alikuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa mama wangu wa shule. Wageni wa shule yetu wajue kwamba kila msichana wa kidato cha kwanza hupewa dada wa kidato cha juu wa kumlea. Wangu alikuwa kidato cha nne, na tangu siku niliyofika nikilia na sanduku langu la bati hakuwahi kula mkate bila kunikatia kipande. Siku hiyo alinikatia kipande kama kawaida, akanipakia siagi, kisha akashusha pumzi.

"Unajua kuna mtu amekalia kile kitabu cha ushairi? Shule nzima ni hicho kimoja. Karatasi ya tatu lazima iwe na shairi, na mimi mashairi hunitoa jasho. Kila nikienda naambiwa hakijarudi."

Mkate uliniganda kooni. Kingewezaje kuwa hakijarudi na mimi nimekirudisha kwa mikono yangu? Nilitaka kumwambia akitafute kwenye rafu, lakini angeuliza nimejuaje. Nikatafuna kimya. Mtihani wa mwigo ukaja, ukapita. Aliufanya bila kukisoma.

Mwishoni mwa Julai orodha ya wadaiwa ilibandikwa ubaoni: asiyelipa hatapewa ripoti yake. Jina langu lilikuwa la tatu kutoka juu, na kando yake siku 38, shilingi 190. Salaala! Miguu iliniisha nguvu. Mafungu kumi na tisa ya sukumawiki! Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa mkutubi.

"Madam, mimi kitabu nilirudisha."

"Ulimrudishia nani?"

"Niliweka tu kwa rafu."

Hakukasirika. Alivuta kisanduku cha kadi, akapekua, akatoa kadi yenye jina langu kwa mwandiko wake. "Kadi ndiyo hii. Bora iko hapa, kitabu kiko kwako, hata kama kiko hatua mbili kutoka kwa meza yangu."

Tulikitafuta karibu nusu saa. Kwa haraka zangu nilikuwa nimekichomeka kwenye rafu ya Kilimo, katikati ya ufugaji wa kuku na ufugaji wa nyuki. Nani angeenda kutafuta vina na mizani kwa kuku? Na kwa kuwa kadi ilisema kimeazimwa, hakuna aliyejisumbua kukitafuta.

Hapo nikajaribu kujitetea kwa elimu. Nilikuwa nimesoma kwamba maktaba za umma za Chicago, Marekani, zilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, na zile za New York zikafuata mwaka 2021, kwa kuona kwamba faini iliwafukuza wasomaji maskini na vitabu navyo visirudi. Nikamwambia mkutubi hayo yote kwa fahari.

Alitabasamu. "Ni kweli, na hata mimi sipendi faini. Ona ilivyokufanya uikimbie maktaba mwezi mzima. Lakini hata huko, ukipoteza kitabu unalipa. Na wao kitabu kimoja wanaweza kuwa nacho nakala nyingi. Sisi hiki ni kimoja. Hebu tazama."

Akanifungulia daftari la wanaongoja. Chini ya jina la kitabu kulikuwa na majina matatu. La kwanza lilikuwa la mama wangu wa shule.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kukopa na kuazima ni vitu viwili. Ukikopa shilingi mia, unalipa noti nyingine na deni linaisha. Ukiazima kitu, unarudisha kitu kile kile, kwa sababu kuna mwingine wa kukitumia. Siku hiyo nilielewa somo hilo. Shilingi 190 ningeweza kuzilipa. Wiki zile za kabla ya mtihani wa mwigo ningezilipa kwa noti gani?

Jioni nilimwendea mama wangu wa shule nikamwambia yote, hata ule mkate niliotafuna kimya. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Si ungeniambia tu? Hizo arobaini na tano ningekulipia." Angenigombeza ningeumia kidogo zaidi ya hapo? La, ningeumia kidogo kuliko hapo.

Faini niliilipa nusu kwa pesa zangu za kantini na nusu kwa kazi. Kila Jumamosi mchana nilikaa maktabani nikibandika majalada yaliyong'oka na kurudisha kadi kwenye vifuko vyake. Ndiko nilikojifunza mambo haya, nami nakupa bure.

Kwanza, tarehe ikigongwa, isome papo hapo, kisha iandike mahali unapopaona kila siku. Mimi huiandika kando ya ratiba niliyobandika ndani ya kifuniko cha dawati.

Pili, kama hujamaliza kukisoma, kipeleke kabla ya siku kufika. Ikiwa hakuna anayekingoja, mkutubi atakugongea tarehe mpya bila senti tano. Wengi wetu hulipa faini kwa vitabu ambavyo tungeongezewa muda kwa kuomba tu.

Tatu, usimpe rafiki naye akampa rafiki. Kadi ina jina lako, na rafiki wa rafiki hajulikani bweni lake.

Nne, usikiache mezani wala kwenye rafu ukaenda zako. Kitie mkononi mwa mkutubi, usubiri hadi kadi irudi kifukoni mbele ya macho yako. Hapo ndipo umerudisha.

Tano, na hili ndilo kubwa: ukichelewa, nenda leo. Deni la faini halitakuwa dogo tena kama lilivyo leo. Na kama huna pesa, sema huna. Mkutubi hajawahi kumla mtu.

Mama wangu wa shule alikipata kitabu siku ile ile. Alikisoma usiku baada ya masomo ya jioni, akinakili mifano katika daftari lake. Siku ya sita nilimwona akikipeleka maktabani, nikamwuliza mbona anaharakisha ilhali ana siku kumi na nne.

"Si kuna wawili nyuma yangu?" akajibu, akaenda zake.

Basi msomaji mwenzangu, shairi langu halipo katika kurasa hizi, na umelipwa kwa kisa hiki. Ukimaliza kusoma, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, nenda kaangalie chini ya godoro lako.