Kwa nini nimeifuta ile video ya lusini

Wasee, wiki jana kijana mmoja aliniandikia inboksi: "Buda, nimeacha chuo. Video yako ndiyo ilinipa moyo." Nilifurahi kama dakika mbili hivi. Halafu tumbo likakaza.

Video yenyewe mnaijua. Nimesimama kwa shamba la mathee, nyuma yangu lusini ya ng'ombe, nikiwapigia stori ya Wendelin Grimm. Huyu mzee alitoka Ujerumani akafika Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwaka wa 1857, na kamfuko ka mbegu za lusini. Baridi ya huko si ya kuvalia sweta. Mimea mingi ikafa. Akachukua mbegu za ile michache iliyopona, akapanda tena. Ikafa tena, akapanda tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka akapata lusini inayovumilia theluji. Mimi nikamalizia: "Campo ilinitema, lakini mimi ndio ile mbegu iliyopona." Mkashea kama wazimu.

Niliruka sehemu ya pili. Miaka ya 1920, lusini hiyo hiyo ngumu ikaanza kumalizwa na bakteria wa udongoni. Wanaingilia vidonda vya mizizi, wanaziba mishipa ya maji, mmea unadumaa, unageuka manjano, unakufa. Kushinda baridi hakukuisaidia kitu. Watafiti ikabidi watafute kinga kwa lusini za Asia ya Kati na kuanza kuchagua upya: unajeruhi mizizi ya miche makusudi, unaipaka bakteria, unapanda, baadaye unaing'oa na kupasua mizizi uone ni ipi safi ndani. Iliyo safi inakuwa mzazi. Iliyobaki, takataka. Wisconsin walitoa Vernal mwaka wa 1953, inayohimili baridi na ugonjwa huo pia. Na hata leo, Marekani wakisema mbegu ina kinga ya daraja la juu kabisa, wanamaanisha zaidi ya nusu ya mimea inahimili ugonjwa. Nusu na kitu! Si yote.

Ni kazi safi, siikosoi. Lusini haina mama wa kuililia.

Sisi tulioacha chuo mwaka ule tulikuwa watano. Mimi mnanijua kwa sababu ya simu. Mmoja anauza mitumba, anasukuma maisha. Wengine watatu hakuna anayewaposti, na mmoja wao hashiki simu zangu siku hizi. Na mimi mwenyewe, tuseme ukweli: mwezi jana kodi ya nyumba yangu alilipa mathee, kwa pesa ya maziwa. Ya ng'ombe wanaokula ile lusini niliyosimama mbele yake nikijisifu.

Kwa hivyo nimeifuta. Yule kijana nimempigia, kumbe hajasaini fomu yoyote, amekosa madarasa wiki tatu tu. Nimemwambia Jumatatu asubuhi awe kwa ofisi ya chuo, aulize kama bado wako na nafasi yake. Amejibu "sawa buda", bila hata emoji.

Leo ni Jumamosi.