Foto ya uchumba: uso uonekane mpaka Kalemie

Lubumbashi – Siku za Jumamosi, majira ya jua, wachumba wanajaa kwenye bustani ya wanyama, mbele ya matofali mekundu ya kathedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, na kwenye barabara zenye miti ya jakaranda. Wamevaa kitenge cha namna moja. Mpiga picha anawapanga, anahesabu moja, mbili, tatu, na foto inatoka. Kitenge kinaonekana, maua yanaonekana, hata gari la mtu mwingine lililoegeshwa nyuma linaonekana. Nyuso za wachumba ndizo zimebaki giza.

Kuna wakati jambo hilo lingekuwa la kucheka tu. Leo foto ya uchumba imepewa kazi nyingine. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, jamaa nyingi hazikutani tena kwenye sherehe. Na mbele ya hapo watu walikuwa wamekwisha kukimbia Mitwaba, Pweto na Manono, eneo lililopewa jina la pembetatu ya kifo. Binti anachumbiwa hapa Lubumbashi, nyanya yake yuko kambini upande wa Kalemie, mjomba yuko Uvira, shangazi amevuka mpaka Burundi. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inataka mahari itolewe, na desturi inataka wakubwa wa pande mbili waonane. Wakubwa wasipoweza kufika, foto ndiyo inatangulia. Nyanya anaitazama kwenye simu ya jirani, kioo kimepasuka, na anataka kujua jambo moja tu: huyu kijana anayetuchukulia mtoto, uso wake ukoje?

Mpiga picha anayefanya kazi akimfikiria nyanya huyo atabadilisha mambo mengi. Ataanza na saa. Mji huu uko kati ya nyuzi 11 na 12 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwisho wa mwezi wa kumi na tena mwezi wa pili, jua la saa sita linapita juu ya kichwa kabisa. Mwanga unagonga paji la uso, macho yanageuka mashimo mawili meusi, kidevu kinatupa kivuli shingoni. Hakuna kamera ya bei kubwa inayoponya jambo hilo. Dawa yake ni kungoja saa kumi na moja ya jioni, ama kuamka mapema na kuwa tayari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wachumba wakiwa na nafasi mchana tu, wapelekwe chini ya mwembe mkubwa, kwenye kivuli kizima kisicho na matone ya jua yanayopita kati ya majani, na wageuzwe kuangalia upande wenye mwanga. Shuka jeupe likishikwa na rafiki mbele yao, chini kidogo ya kifua, linarudisha mwanga usoni. Hakuna haja ya kununua kitu.

Majira ya mvua yanaogopwa bure. Mvua ikiisha kunyesha, vumbi jekundu limelala, mawingu yanatawanya mwanga bila kivuli kikali, na majani yanang'aa. Kinachotakiwa ni viatu vya kubadilisha na mfuko wa plastiki wa kufunika kamera.

Kisha kuna jambo la ngozi nyeusi, na hapa mashine nayo ina lawama. Miaka mingi filamu za Kodak zilipimwa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Kamera za leo zimekuwa bora zaidi, lakini bado zinatafuta mwangaza wa katikati: zikiona gauni jeupe ama anga kubwa nyuma, zinapunguza mwanga wa kila kitu, na mtu mweusi anazama. Kwenye simu, gusa uso juu ya kioo, kisha pandisha mwangaza kidogo. Anga ikipotea ikawa nyeupe, iache ipotee, kwani hakuna anayechumbia anga. Lakini kuangaza uso si kumchubua mtu. Zile programu zinazopaka wachumba weupe kama mkorogo zinaharibu kazi yote, maana nyanya hatamtambua mtoto wake.

Simu ikisogezwa karibu sana inavimbisha pua. Ni bora kurudi nyuma hatua tatu na kutumia lenzi ya kukuza mara mbili, kama simu inayo.

Aibu ni kazi ngumu kuliko mwanga. Wengi hawajawahi kushikana mikono mbele ya watu, na mahari ikiwa haijatolewa, kukumbatiana kwenye foto itakayofika kwa baba mkwe ni kutafuta maneno. Fundi mwenye akili anapiga foto za namna mbili: za wakubwa, wamesimama kwa heshima, bega kwa bega, na zao wenyewe. Kwa hizo za pili anawaambia watembee pole pole wakizungumza, waulizane nani alimwandikia mwenzake kwanza. Kicheko kinachotoka hapo hakipatikani kwa kuhesabu moja, mbili, tatu.

Na mahali? Ziwa la Kipopo ni zuri. Lakini bomba refu la Gécamines nalo lina maana, na mji huu unajua hivyo: Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alijulikana duniani kwa kuweka wafanyakazi wa zamani ndani ya magofu ya kampuni hiyo. Kijana ambaye babu yake alichimba shaba hana haja ya kuazima gari la tajiri. Bomba lisimame mbali nyuma, dogo, uso ukiwa mkubwa. Kambi za askari, majengo ya serikali na uwanja wa ndege wa Luano viepukwe. Maelezo yake mbele ya polisi yanamaliza jioni nzima.

Wapiga picha wengi wanaweka foto za wateja Facebook ili kujitangaza. Kwa jamaa iliyokimbia watu wenye silaha, uso na jina la mtaa vinaweza kuwaonyesha njia wale waliokimbiwa. Waulizwe kwanza, na wakikataa isiwe ugomvi.

Mwisho, WhatsApp inapunguza ubora wa foto. Nakala ndogo itumwe hivyo kwa sababu megabaiti ni ghali, ile kubwa itumwe kama dokima na ibaki pia kwenye kadi nyumbani. Lakini waliotoka Mitwaba usiku waliacha albamu zote ukutani na kabatini, na simu nazo zinaibwa. Kwa hiyo mbili tatu zisafishwe kwenye karatasi, ziandikwe nyuma majina na tarehe, na moja apewe msafiri wa kwanza anayeelekea Kalemie.