Viazi Vyangu na Lumbesa

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba lumbesa itakufa siku mkulima atakapokataa kuuza. Niliiamini hoja hiyo. Msimu uliopita nikapanda viazi mviringo nyuma ya nyumba yangu hapa Mbeya: kilo 20 za mbegu zilizokwisha kuchipua, sentimita 30 baina ya shimo na shimo, sentimita 75 baina ya mstari na mstari.

Kazi hiyo ilinipa raha ambayo vikao vya idara havijawahi kunipa. Nilipandishia udongo mara mbili ili viazi visipigwe na jua vikageuka kijani, maana kiazi cha kijani kina sumu. Mvua za Februari zikaja na ukungu, ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Mabaka meusi yalitokea juma nililokuwa safarini kusimamia mitihani. Niliporudi, robo ya shamba (kama kiwanja cha uani chaweza kuitwa shamba) ilikuwa imekwenda.

Nilivuna kilo 112, nilizipima mwenyewe. Mama, aliyelima viazi Uporoto miaka yake yote, alitenga vilivyoanza kuoza, akaniambia: "Mwanangu, uza upesi. Hivi havingoji."

Mchuuzi alikuja na gunia lake, lile lililoongezwa kilemba cha kamba mdomoni. Nilimweleza kwamba sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Alinisikiliza kwa adabu huku akiendelea kujaza. Viazi vyote vikaingia. Akalitikisa gunia, akasema: "Mwalimu, halijajaa."

Mimi nina mshahara. Ada za wanangu hazikulitegemea gunia lile, na mizani ilikuwa pale pale barazani. Hata hivyo, nilipowaza viazi vile vikioza stoo, niliipokea bei ya gunia pungufu. Mkulima wa Uporoto, mwenye magunia 40 kando ya barabara na mvua inamnyeshea, angekataa kwa nguvu ipi?

Mama hakusema neno. Aliokota viazi vitatu vilivyodondoka, akaenda navyo jikoni.

Jumatatu nina kipindi kuhusu masoko ya mazao. Ukurasa wa lumbesa nimeuchana, na mpya sijauandika.