Kamera Gani Huona Mikono Gizani?

Wengi wenu mkisikia habari za kamera mtauliza mara moja ina pikseli ngapi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwetu swali ni moja tu: je, inaona mikono?

Dada yangu ni kiziwi. Anasomea ushonaji Nairobi na huzungumza nasi kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 iliifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mama hakusoma sana, kwa hivyo ujumbe wa maandishi haumfai. Dada hupata nafasi saa mbili usiku, na hapa Kakamega mvua na radi za jioni zikichachamaa, stima hupotea. Tunabaki na taa moja ya sola.

Basi likizoni nilizilinganisha kamera chini ya taa hiyo hiyo, dada akiwa hakimu.

Kamera ya kipakatalishi cha mjomba ilivuta mkia. Kifuniko chake ni chembamba, hivyo kihisi kilichomo ni kidogo mno na mwanga unaokifikia ni haba. Kamera ikikosa mwanga, ama huacha jicho wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha, ama huukuza ule mwanga kidogo iliopata. Hii ilifanya la kwanza. Badala ya picha 30 kwa sekunde ikawa inatoa kama 15. Uso wa Mama ulipendeza ajabu, lakini vidole vilikuwa moshi mtupu. Dada akauliza, "Mama anaongea ama anasonga ugali?"

(Kamera ya Cambridge, Uingereza, ya mwaka 1991, ambayo wengi huiita ya kwanza ya aina hii, ilitazama birika la kahawa. Birika halisogei!)

Ya pili ni ya kuchomeka kwa waya, tuliyoazimwa na jirani mwenye saiba. Ilijaa chenga kama televisheni isiyo na antena. Mtu wa kutazama sura angeipa sifuri, lakini dada aliisifu. Chenga hazimsumbui, bora ajue kidole kipi kimekunjwa.

Kamera ya nyuma ya simu ilizishinda zote, maana kihisi chake ni kikubwa na lenzi yake hupitisha mwanga zaidi. Lakini ukiigeuza, Mama haoni kioo. Akakataa katakata. "Nisipomwona, naongea na nani sasa?"

Tulichoweza ni kuihamisha taa kutoka mgongoni mwa Mama hadi kando ya kamera, naye akavua kitenge cha maua akavaa blauzi nyeupe isiyo na michoro, mikono ionekane. Hapo hata kipakatalishi kilijitahidi kidogo.

Ile ya waya imerudi kwa mwenyewe. Anaiuza shilingi 1,500. Nina kuku wawili, na mmoja ameanza kutaga, kwa hivyo Mama anasema ningoje.