Treni Yangu Ndogo na Vibanda Nilivyong'oa

Wasee, wacha niwaambie kitu ambacho bado kinaniuma.

Nilipata seti ya treni ya kuchezea kwa mtumba, Gikomba. Injini moja, mabehewa matatu na reli fupi. Kipimo chake ni 1:87, na kwa kipimo hicho, Nairobi hadi Mombasa ingetaka meza ya zaidi ya kilomita 5! Kwa hivyo nilichagua kipande kimoja tu: reli ya zamani ya kwenda Kisumu, pale inapokatiza Kibra.

Miezi miwili nilikuwa nakata pakiti za maziwa. Nikatengeneza nyumba za mabati, kinyozi, mama wa samaki, hadi mbuzi wawili kando ya reli.

Siku moja kabla ya maonyesho, mwandalizi akaangalia meza yangu, akasema, "Hivi vibanda vinaharibu picha. Weka miti."

Nikang'oa. Nikaweka miti ya sponji. Nilitaka sana hiyo nafasi.

Kesho yake treni ikazunguka poa, watu wakapiga picha. Halafu mtoto mmoja akazunguka meza mara mbili, akaniuliza, "Na kwetu ni wapi?"

Nikamwambia nafasi haikutosha. Nilimdanganya. Nafasi ilikuwepo, ni mimi niliijaza miti.

Vibanda bado ninavyo, viko kwa katoni chini ya kitanda. Onyesho lijalo vinarudi, hata kama nitanyimwa meza.