Nilivyokaa na Wenyeji Wangu Salamanca

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie habari za safari yangu ya Hispania, nami sikupenda kumnyima. Habari za majumba na makanisa mtazipata vitabuni. Mimi nitawaeleza habari za meza moja tu, na za wazee wawili niliokula nao mezani hapo kwa muda wa majuma kumi na mawili.

Nilifika Salamanca mwezi wa Januari 2018 kujifunza Kihispania. Mji huu uko magharibi ya Madrid, mahali palipoinuka kiasi cha mita 800 juu ya bahari, na baridi yake si ya mchezo. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218, na kwa hiyo mwaka ule kilikuwa kikiadhimisha miaka 800. Juu ya ukuta wake wa mbele pamechongwa chura aliyekaa juu ya fuvu la kichwa, na husemwa kwamba mwanafunzi amwonaye bila kuonyeshwa atapata bahati. Mimi nilionyeshwa.

Shule yangu ilikuwa nyingine, ndogo, ya lugha tu. Walinipeleka kukaa kwa bibi na bwana mmoja, ghorofa ya tatu, ambao watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa na kuhama. Katika sebule yao palikuwa na meza ya mviringo iliyofunikwa kitambaa kizito hata sakafuni, na chini yake chombo cha umeme cha kutia joto. Watu huingiza miguu ndani ya kitambaa kile kama watu waliojifunika blanketi moja. Siku ya kwanza bibi alinigusa bega akasema, "A la mesa," nami nikafahamu mara moja, maana meza ni meza. Sisi neno hilo tulilipata kwa Wareno, ambao ni jirani zao. Nikafikiri lugha hii itakuwa rahisi.

Kwetu, kama mjuavyo, mtoto wa watu akiwa ugenini hana budi kujichunga. Hamkazii macho mtu mzima. Akishiba hushukuru, huinuka, na kuwaachia wakubwa mazungumzo yao. Nami ndivyo nilivyofanya kila siku. Nikimaliza kula nilisema "gracias", nikapeleka sahani yangu jikoni, nikaingia chumbani kusoma vitenzi. Moyoni nilijisifu kwamba wazazi wangu wangeniona wangefurahi.

Tena palikuwa na shida ya kuitana. Wahispania wana "tú", yaani wewe, na wana "usted", ambalo ni neno la heshima. Bibi alikuwa na umri wa nyanya yangu, basi nikamwita "usted". Akaniambia niseme "tú". Nikaitikia kwa kichwa, na kesho yake nikasema "usted" tena. Mjukuu wake wa miaka tisa, aliyekuja kula pale siku za Jumamosi, alikuwa akimwambia "tú" mbele ya watu wote wala hakuna aliyemkemea. Mimi mdomo ulikataa kabisa.

Sasa nitawaambia jambo lililoharibu mambo, na kosa lilikuwa langu. Chakula cha mchana huko huliwa saa nane, na cha usiku saa tatu na nusu au hata saa nne. Asubuhi moja bibi aliniuliza nitarudi saa ngapi. Nikawaza saa nane, nikajibu, "A las ocho," yaani nane. Kumbe nane yao ni saa mbili yetu ya usiku! Yeye akaona kwamba sitakula mchana, wakaenda na mumewe kwa binti yao.

Nilirudi saa nane yangu nikakuta mlango umefungwa. Ufunguo niliuacha chumbani, na fedha pia. Kutoka saa nane hata saa kumi na moja maduka mengi hufungwa na njia huwa kimya. Nikakaa ngazini na vitabu vyangu, vidole vimekufa ganzi, mpaka waliporudi saa kumi na moja na nusu. Bibi akashtuka, akaniuliza kuna nini. Nilitazama chini nikajibu, "Nada, señora, gracias," hakuna kitu, bibi, ahsante, nikaingia chumbani. Usiku alipika tortilla, ambayo ni mayai na viazi, ndugu ya chipsi mayai yetu. Nikasema sina njaa, kwa sababu nilikuwa naona haya. Nilisikia harufu yake chumbani mpaka nikalala.

Kesho yake mwalimu aliniita kando. Bibi alikuwa amepiga simu shuleni kuuliza kama si afadhali nihamishiwe nyumba nyingine, maana hakika kwake sipendezwi. Alisema kwamba mgeni wake hamtazami usoni, hukimbia meza kila baada ya kula, humwita kama karani wa benki, na jana amekataa chakula chake. Nilisikia kama nimepigwa kofi. Yote aliyoyataja ndiyo niliyokuwa nikijisifia.

Usiku ule nilikula sahani mbili, na nilipomaliza sikuinuka. Huko mazungumzo ya baada ya kula yana jina lake, "sobremesa", na ndipo nilipoona kwamba mimi nilikuwa nikila chakula na kukimbia karamu yenyewe. Nikachukua karatasi nikachora saa mbili, ya kwao na ya kwetu, nikawaonyesha kwamba sisi huanza kuhesabu jua likichomoza. Mzee, ambaye siku zote alikuwa mkimya, alicheka hata akatoa miwani kufuta machozi.

Kisha nikawaeleza habari za shikamoo. Kihispania changu kilikuwa kibovu, lakini walinisubiri. Nilisema kwamba kumwambia mkubwa "wewe" bila kumwamkia kwanza ni kama kumkanyaga. Bibi akafikiri kidogo. Akaniambia kwamba "usted" lilitoka katika maneno "vuestra merced", yaani hisani yako, na kitenzi chake huwa cha mtu wa tatu. "Ukiniuliza hivyo," akasema, "ni kama unauliza habari za mwanamke mwingine, nami nimekaa hapa."

Tukapatana. Asubuhi nimwamkie shikamoo, naye ajibu marahaba. Baada ya hapo, mchana kutwa niseme "tú". Siku za kwanza nilikuwa nikilimeza neno lile nusu. Kumtazama machoni kulinichukua muda mrefu zaidi, na sidhani kama nilifaulu kabisa.

Hata leo nikimpigia simu huniuliza huku ni saa ngapi, na nikijibu huuliza tena, "Ya kwenu au ya kwetu?"